Kitengo cha kesi za ajali kwenye kampuni ya bima: kwa mnaoniuliza kazi ikoje

Kalamu ya Posta (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu niseme kwenye uzi wa ajira kwamba nakaa kitengo cha madai ya magari yaliyofika mahakamani, inboksi imejaa. Wengi ni vijana waliomaliza sheria na wanasubiri Shule ya Sheria, ile ya kusomea uwakili, pale Barabara ya Sam Nujoma, wengine ni wa bima kutoka chuo cha IFM. Swali lao ni lilelile: mtu wa chini kabisa kwenye kitengo kile anafanya nini hasa? Mahakamani hasimami kuongea, gari hakagui, hundi hasaini. Nijibu hapa mara moja, nisirudie inboksi.

Madai ya magari hayakai meza moja. Mwenye bima kubwa, ile inayolipa mpaka gari la mwenyewe, gari lake likibondwa, faili linakwenda kwa watu wa matengenezo. Huko ni mkadiria hasara, gereji, vipuri na ugomvi wa rangi ya bampa. Mtu baki aliyegongwa, sisi tunamwita mtu wa tatu, ana meza yake. Dai lake likishindikana mezani, au likiwa halikuletwa mezani kabisa, siku moja inaingia samansi, yaani wito wa mahakama. Hapo ndipo faili linahamia kwetu.

Mengi ni ya bima ndogo, ile ambayo watu wanaikata ili trafiki asiwasumbue. Ni bima ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na haimlipi mwenye gari hata taa ya nyuma. Inamlipa aliyegongwa. Nusu ya wateja wanaonipigia simu kwa hasira ndipo wanaelewa hilo kwa mara ya kwanza.

Sasa samansi. Mdaiwa ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, na zinahesabiwa tangu alipokabidhiwa wito. Haijalishi bahasha imefika lini kwenye meza yako. Mwenye daladala wa Mbagala anapokea wito Jumatatu, anauweka kwenye droo ya gari kwa sababu "nina bima", halafu wiki mbili baadaye anampa wakala aliyemuuzia bima. Wakala anaukumbuka akipita mjini. Ukifika kwako umebakiwa na siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na bado hujui dereva yuko wapi. Kuna nyongeza ya siku 10 ambayo mahakama inaweza kuitoa, lakini lazima uiombe ndani ya muda au ndani ya siku 7 baada ya muda kwisha, tena kwa sababu ya msingi. "Mteja alichelewa kuleta" wakili ataiandika kwa Kiingereza kizuri, ila hakimu ameshaisikia mara nyingi. Ukikosa hapo, mdai anathibitisha upande mmoja na hukumu inatoka wewe ukiwa haupo.

Kwa hiyo kabla ya kusoma hata mstari mmoja wa hati ya madai, uliza: nani alipokea, siku gani, alisaini wapi. Unampigia mteja na unaandika jibu lake juu ya jalada kwa kalamu.

Halafu unaangalia kama bima ilikuwepo. Namba ya gari unaiingiza kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, na unalinganisha na nakala yetu. Soma herufi mojamoja, maana nimeona hati ya madai ambayo herufi mbili za mwisho zimepinduliwa, na gari linalotajwa ni la mtu asiyehusika kabisa. Angalia bima ilianza siku gani na saa ngapi. Kuna watu wanagonga saa kumi na moja alfajiri, saa tatu asubuhi wako dirishani kwa wakala wakikata bima. Tarehe ni moja, bima ni halali, trafiki akiiangalia haoni tatizo. Saa ndiyo inayowaumbua.

Kisha karatasi za polisi: PF 90, PF 93 ya ukaguzi wa gari, PF 115, ramani ya ajali, na PF 3 kwa aliyeumia. Hizi zinafuatwa kwa miguu. Jumbe za simu hazileti ramani ya ajali. Utakwenda kituo cha usafiri barabarani, utaambiwa mpelelezi amehamishwa, utarudi.

Ramani ukiipata, kaa nayo. Kuna moja ya lori na bodaboda. Maelezo ya dereva wetu yalisema bodaboda alichomoka ghafla kutoka kushoto. Kwenye ramani alama za breki zilianzia upande wa kulia wa mstari wa kati. Yaani lori lilikuwa linapita gari lingine, na dereva hakulitaja popote. Hapo sikuhitaji wakili kuniambia kesi imeelekea wapi. Niliandika kwa bosi siku ileile kwamba hili tusipigane, tulipe mapema kabla riba na gharama za kesi hazijapanda juu yake.

Na hiyo ndiyo kazi yenyewe kwa maoni yangu. Watu wanadhani kitengo hiki kipo kwa ajili ya kupinga. Kipo kwa ajili ya kujua mapema lipi la kulipa na lipi la kupinga, na mwenye nafasi ya kujua mapema kuliko wote ni yule wa chini anayeshika karatasi kwanza.

Ulizeni, nipo.

---

Mzee wa Tandika

Nafuatilia. Hebu fafanua hapa: dereva akishatozwa faini na mahakama ya trafiki, si yameisha? Kwa nini anashtakiwa tena?

---

Kalamu ya Posta

Shikamoo mzee. Yale ni mawili tofauti. Faini ni ya Serikali kwa kosa la barabarani. Fidia ni ya aliyeumia, na anaidai kwa kesi ya madai.

Umegusa panapouma. Dereva anapelekwa mahakamani asubuhi, anaambiwa "kiri tu, utalipa faini, mchana uko barabarani". Anakiri. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa sheria yetu ya ushahidi hukumu ile ya jinai, muda wa rufaa ukipita, inachukuliwa kuwa ushahidi wa mwisho kwamba alikuwa na hatia ya kosa lile. Miezi inapita, samansi inakuja kwetu, kwenye viambatisho kuna nakala ya hukumu: amekiri kuendesha kwa uzembe. Hapo habari ya nani alikosea imekwisha. Kinachobaki ni shilingi ngapi.

Simwambii mtu adanganye mahakama. Aliyekosea akiri. Tatizo ni yule ambaye hakukosea na anakiri ili awahi hesabu ya bosi wake jioni.

---

Wakili wa Kibaraza

Mkuu umeeleza vizuri lakini umejipendelea. Mimi nasimama upande wa wadai, mahakama za Kisutu na Kinondoni. Huo utaratibu wa "kujua mapema lipi la kulipa" mbona sisi hatuuoni? Tunapeleka barua ya madai na viambatisho vyote, kimya. Tukifungua kesi, jambo la kwanza ni pingamizi la awali kwamba mdai hana mkataba na kampuni ya bima, kwa hiyo hawezi kuishtaki moja kwa moja. Mtu ana vyuma mguuni, nyinyi mnamsomesha mkataba.

---

Kalamu ya Posta

Kaka, hilo pingamizi ni la mawakili wetu na lina msingi wake. Sura ya 169 inaibana kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, kwa masharti, mojawapo likiwa kampuni iwe ilipewa taarifa ya kesi. Ndiyo maana kesi iliyopangwa vizuri inamshtaki dereva na mwenye gari, na kampuni inapewa notisi kwa maandishi yenye muhuri wa kupokea. Mwenye gari akitaka, anaomba kampuni nayo iingizwe kwenye shauri. Nyie mnaotushtaki sisi peke yetu na kumwacha dereva ndio mnaotupa nafasi ya kupumua.

Kwenye kimya sikutetei mtu. Barua za madai zinakaa. Nyingine zinakaa kwa sababu haziambatani na kitu: ukurasa mmoja, "mteja wangu anadai milioni 150", hakuna PF 3, hakuna risiti, hakuna namba ya bima. Ila zipo zilizokamilika na bado zikakaa, na hapo una haki ya kukasirika.

---

Bi Mkubwa Mtandaoni

Hapo kwenye milioni 150. Hizi namba mnazipima vipi? Mtu amevunjika mguu, nani anajua mguu ni bei gani?

---

Kalamu ya Posta

Dada, zipo za aina mbili. Kuna hasara halisi: matibabu, nauli za kliniki, magongo, kipato kilichopotea. Hii lazima itajwe wazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kitu kwa kitu. Kesi inayotajwa kila siku ni Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya mwaka 1992, na hakimu yeyote anaijua. Hakuna risiti, hakuna hela, hata kama kila mtu mahakamani anaona ulitibiwa. Aina ya pili ni fidia ya jumla kwa maumivu na maisha kubadilika, na hiyo ni busara ya hakimu. Kwa hiyo sisi tunakwenda TanzLII, tovuti yenye hukumu za mahakama zetu, tunatafuta hukumu za majeraha yanayofanana, tunaandika makisio. Kijana ukiingia kwenye kazi hii, jenga tabia ya kusoma hukumu moja ukiwa kwenye mwendokasi. Kwa ule msongamano wa Kimara utamaliza na mbili.

Jambo dogo ambalo linawaumiza wadai na hakuna anayelisema: risiti za mashine za EFD zinafutika. Karatasi yake ni ya joto. Ukiziweka kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, kesi ikifika hatua ya ushahidi unatoa vipande vyeupe. Nimeshika bahasha ya mama mmoja, risiti za dawa na za nauli amezipanga kwa pini, amezitunza kuliko kitambulisho, na nyingi hazisomeki. Zilizobaki na maandishi ni zile alizotoa fotokopi kwa bahati. Toeni kopi siku ileile, jamani, hata kama mnakuja kutudai sisi.

Kwenye kipato, bodaboda hana hati ya mshahara. Anasema analaza elfu 30 kwa siku. Mimi nauliza mkataba wake na mwenye pikipiki, hesabu anayopeleka ni kiasi gani, analipa kwa simu au mkononi? Miamala ya simu imewaokoa wengi.

---

Chuma Mguuni

Naomba nichangie kama mhanga. Niligongwa nikiwa abiria wa bodaboda, nikalazwa. Kuna jamaa alikuja wodini akasema anashughulikia fidia, akachukua kopi ya PF 3 na namba yangu. Baadaye nikaitwa kusaini fomu, nikapewa kiasi ambacho hakikufika hata kwenye operesheni ya pili. Nilipouliza nikaambiwa nimeshasaini kwamba sidai tena. Sitaji kampuni. Je, bado nina haki?

---

Kalamu ya Posta

Pole sana ndugu yangu.

Huyo wa wodini ni kishoka. Si mtu wa bima, si wakili. Anakusanya majeruhi, anapeleka madai kwa jina lao, anakata chake kabla hela haijakufikia. Wewe ukiuliza kampuni ilitoa shilingi ngapi, huenda ukasikia namba tofauti na uliyopokea. Anza hapo. Andika barua kwa kampuni, omba nakala ya vocha, yaani ile fomu ya malipo uliyosaini, na uthibitisho wa malipo, kiasi gani na kwa akaunti ya nani.

Ile vocha ikisema malipo ni kamili na ya mwisho, ni kigingi kizito, lakini mazingira ya kusaini yana maana. Ulielezwa? Ulikuwa kwenye dawa? Iliandikwa kwa lugha unayoisoma? Mwone wakili mapema, kwa sababu madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 na saa inatembea tangu siku ya ajali. Huna uwezo, kuna mashirika ya msaada wa kisheria hapa mjini. Malalamiko dhidi ya kampuni unaweza pia kuyapeleka TIRA.

Kwa wengine: msisaini malipo ya mwisho wakati daktari bado hajasema mmefikia wapi. Subirini ripoti inayoeleza ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi. Kampuni inayoharakisha vocha kabla ya ripoti hiyo inajua inachofanya.

---

Mtoto wa Gongo la Mboto

Kumbe na wewe unawasema wenzako 😄 Utafukuzwa. Vipi upande wa pili, wadai feki hakuna?

---

Kalamu ya Posta

Tele. Daladala ikianguka, abiria wanaongezeka kila mwezi. Coaster ina viti vyake vinajulikana, PF 90 imeandika majeruhi kumi na mmoja, kufikia samansi wamekuwa thelathini na kidogo, na wote wameumia mgongo. Mgongo hauonekani kwenye picha kirahisi, ndiyo sababu unapendwa. Hapo mwanagenzi unakaa na orodha tatu: ya polisi, ya hospitali, ya hati ya madai. Unapiga mstari jina kwa jina. Unaangalia PF 3 ilitolewa lini. Iliyotolewa siku ya ajali au kesho yake ina uzito. Iliyotolewa miezi mitano baadaye, kwa mkono uleule, kwa watu saba waliofuatana, inahitaji mtu aende kituoni akaangalie kitabu.

Ila tahadhari. Ukishaona feki wawili utaanza kuona kila mtu feki, na huo ni ugonjwa wa kitengo hiki. Mtu anaweza kuchelewa kuchukua PF 3 kwa sababu alikuwa amezimia.

---

Neema wa Kigamboni

Asante kwa uzi. Nimeitwa usaili kwenye kampuni moja, nafasi ya ofisa madai mdogo upande wa kesi. Nina digrii ya sheria, sijaenda Shule ya Sheria. Maswali matatu: mshahara, mzigo wa mafaili, na kama kazi inaua ndoto ya uwakili.

---

Kalamu ya Posta

Hongera dada.

Mshahara inategemea kampuni, siwezi kuweka namba hapa. Uliza nauli za mahakamani na vituo vya polisi zinarudishwa vipi, maana ukizitoa mfukoni kwa kusubiri marejesho, mshahara utauona kwenye karatasi tu.

Mzigo ni mkubwa, na uzito wake hauko kwenye idadi ya mafaili. Kila faili lina watu watano wanaotaka jibu. Mteja anauliza kwa nini bado ameitwa mahakamani wakati ana bima. Wakili anataka dereva aje kuandaa ushahidi, dereva amehamia Tunduma. Bosi anataka akiba ya dai, yaani kiasi cha kutenga vitabuni kwa ajili ya kesi ile. Dai likiwa kubwa, watu wa bima mtawanyo, yaani kampuni inayoikatia bima kampuni yetu, nao wanataka ripoti. Na mdai mwenyewe, akishaipata namba yako, atapiga usiku.

Kwenye akiba usiwe mtu wa kufurahisha wakubwa. Ukiweka ndogo ili ripoti ya robo mwaka ipendeze, hukumu ikitoka na riba yake utaulizwa wewe. Weka unachoamini na uandike sababu: aina ya jeraha, umri, hukumu zinazofanana, dereva alikiri au la.

Ndoto ya uwakili haifi, kwa maoni yangu inapata miguu. Utasoma utetezi wa mawakili wengi na utajua nani anaandika akiwa amesoma faili na nani amebadilisha majina tu. Utakaa kwenye usuluhishi wa mahakama, ambako kesi nyingi za ajali zingeweza kwisha, kama kampuni ingemtuma mtu mwenye mamlaka ya kutamka kiasi. Mara nyingi anatumwa mdogo anayesema "nitarudisha ofisini". Msuluhishi anachoka, mdai anachoka, shauri linakwenda kusikilizwa. Ukitumwa, usitoke ofisini bila kiwango kilichosainiwa, hata kama ni kidogo.

Kuna upande wasiouweka kwenye tangazo la kazi. Madai ya vifo. Utampigia mjane kumwomba barua ya usimamizi wa mirathi, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu bila hivyo hakuna wa kumlipa. Kwake wewe ni kampuni iliyomuua mumewe. Nyamaza, msikilize, halafu mtajie mahakama ya mwanzo ya karibu naye na anachotakiwa kubeba, ili asizungushwe.

---

Wakili wa Kibaraza

Hapo kwenye usuluhishi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Waambie na habari ya kukaza hukumu.

---

Kalamu ya Posta

Kwa ufupi: hukumu ikitoka na kampuni ikilala, mdai anaomba utekelezaji, na asubuhi moja akaunti ya benki inazuiwa au dalali wa mahakama yuko mapokezi. Kukata rufaa peke yake hakusimamishi kitu, lazima uombe usitishaji. Siku hiyo kila mkubwa atauliza hukumu ilipokelewa lini na nani. Kwa hiyo weka kumbukumbu kwa maandishi ya kila karatasi unayoipandisha juu.

---

Mzee wa Tandika

Dereva wetu akiwa hana leseni, kampuni inaruka?

---

Kalamu ya Posta

Mzee, dhidi ya aliyegongwa ni vigumu kuruka. Kampuni inaweza kulazimika kulipa kwanza, kisha ikamgeukia mwenye gari kudai irudishiwe. Kwa hiyo mwenye daladala anayempa gari deiwaka asiye na leseni ajue hiyo bili inaweza kumrudia nyumbani.

---

Neema wa Kigamboni

La mwisho mkuu. Kwenye usaili wataniuliza nini?

---

Kalamu ya Posta

Kuna uwezekano mkubwa wakakupa faili na kukuuliza utetezi unatakiwa lini. Siku ya kupokea wito haihesabiwi. Mteja amepokea tarehe 3 Machi, unaanza kuhesabu tarehe 4, siku ya 21 ni tarehe 24 Machi. Ikiangukia Jumapili usijifariji, sema utawasilisha Ijumaa kupitia mfumo wa mahakama na utabaki na uthibitisho wa kupokelewa. Halafu waulize wao: nani hapa anapokea samansi zinazoletwa na mawakala, na anazipandisha siku gani?